Re: Niuze boda ya petroli ninunue ya umeme?

Ndugu, umeuliza kama pikipiki ya umeme inasaidia hali ya hewa kweli, au ni moshi tu uliohamishwa kutoka ekzosi ya boda hadi mtambo wa stima. Kwa Kenya, sehemu kubwa sana ya stima hutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Hata hapa kwetu Kisumu tuna mtambo wa Sondu Miriu, megawati 60 za maji. Kwa hiyo moshi haujahamishwa, umepungua.

Lakini usiuze yako kesho asubuhi. Uliza kwanza vituo vya kubadilisha betri viko wapi kwenye njia zako. Ukizunguka Kondele, Kibuye na katikati ya mji, sawa. Mimi hubeba abiria mpaka Maseno, na kupanda mlima kwenda huko hunyonya betri kuliko tambarare ya Ahero, hasa mkiwa wawili na gunia la mahindi. (Najua, gunia halifai. Kodi ya nyumba nayo?)

Pia soma mkataba: betri ni yako au ya kukodi? Wengi hukodi, na ukichelewesha malipo pikipiki inaweza kuzimwa kwa mtandao, ukiwa na mteja au bila.

Kuhusu hali ya hewa na mafuriko, boda zetu peke yake hazikuinua Ziwa Victoria 2020. Ila waulize watu wa Nyando, ambao hukumbwa na mafuriko, kama joto la dunia ni hadithi.