Nyama inaharibikia kwenye Fuso, siyo buchani

Mwaka wa kwanza wa bucha yangu hapa Uyole, Mbeya, mama mmoja alirudisha kilo mbili za paja. Nyeusi kama ini, zinanata kidoleni. "Kaka, umetuuzia kibudu." Na ng'ombe yule nilishuhudia akichinjwa!

Kosa nililifanya jana yake, mnadani Mbarali. Nilinunua madume saba kwa wafugaji watano, nikawapakia Fuso moja. Madume wasiojuana ni ugomvi. Kuanzia Chimala bodi inagongwa tu, utingo naye juu na fimbo, anamchoma kila anayelala. Tulifika usiku, alfajiri wakachinjwa.

Mkaguzi wa nyama ndiye aliyenifumbua macho. Misuli ya ng'ombe ina akiba ya sukari, glaikojeni. Akichinjwa ametulia, akiba hiyo inageuka asidi, pH ya nyama (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) inashuka kutoka 7 hivi hadi karibu 5.5, nyama inakuwa nyekundu ya kuvutia. Akipigana njia nzima, akiba inaishia barabarani. pH ikigoma kwenye 6 na kuendelea, nyama inabaki nyeusi, inanata na kuoza upesi. Hata friji hairudishi rangi. Mlaji hadhuriki akiipika kabla haijaoza, lakini hebu kamweleze hayo mteja aliyekwisha kununa.

Fimbo nazo nilizilipia. Damu ilikuwa imevilia mgongoni, penye steki, ikabidi pakatwe patupwe.

Siku hizi nanunua boma moja, ng'ombe waliokua pamoja. Dume mgeni namtenga kwa mbao, au namwacha. Sakafu namwaga mchanga wasiteleze. Dereva anataka kujaza gari. Namlipa ile nafasi tupu, bado inanilipa.

Wakishuka, maji kwanza. Wapumzike, ila kila kundi na zizi lake, maana ukiwachanganya usiku huo vita inaanza upya, afadhali hata usingewapumzisha. Na usidanganyike kwamba usiku mmoja unamponya dume aliyekwisha kuchoka: akiba ile hurudi kwa siku kadhaa, tena akiwa anakula.

Juni na Julai kuna la ziada. Ng'ombe aliyezoea joto la Usangu, bonde la huko Mbarali, akifika Uyole usiku anatetemeka kwa baridi, na kutetemeka nako kunakula akiba ileile. Miezi hiyo natoka Mbarali asubuhi, dereva anune asinune.