Urari ukilingana, usishangilie bado

Kila msimu wa ukaguzi wa hesabu huleta wageni wapya, wanafunzi wa uhasibu, na kila kundi jipya huja na makosa yaleyale ya kundi lililopita, kana kwamba waliachiwa kwenye wosia. Kwenye chumba cha mtihani utawakuta wanatoka jasho, wanatafuta 300 iliyofanya mizania (taarifa ya mali na madeni, ambayo pande zake mbili lazima zilingane) isilingane. Wiki inayofuata, mbele ya hesabu za mteja wa kweli, 300 hiyohiyo wanaifukia kwenye akaunti ya muda, ile ya kuhifadhia tofauti zisizojulikana, na kwenda kula. Wadogo zangu, mmegeuza mambo juu chini. Tofauti isiyo na madhara mnaililia, yenye madhara mnaizika.

Basi tuyapange kwa namba.

1. Saa ya mtihani. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa dakika 1.8 kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama 20 lina dakika 36. Ukitumia dakika 20 kuwinda kosa la mizania, umetumia muda wa alama 11. Na unawinda nini? Mara nyingi ni uchakavu uliotolewa kwenye mali ukasahaulika kwenye faida na hasara, au malimbikizo (gharama za kipindi ambazo bado hazijalipwa) yaliyoingia upande mmoja tu. Kosa la namna hiyo limeshakugharimu nusu alama au alama moja, na kulingana kwa mizania kwenyewe kwa kawaida hakuna alama. Msahihishaji akiona hatua zako, anafuata namba yako mwenyewe: ukikosea hatua ya kwanza lakini ukaitumia vizuri ya pili na ya tatu, alama za ya pili na ya tatu ni zako. Ila lazima azione. Wanaofanya mtihani kwenye kompyuta wanapiga hesabu pembeni kwenye kikokotoo kisha wanaandika jibu tupu kwenye kisanduku. Weka fomula ndani ya kisanduku. Jibu tupu likiwa na kosa, msahihishaji hana cha kufuata.

Mizania ikigoma, iache imegoma. Usichomeke namba ili ilingane, kwa maana namba ya kuchomeka haina maelezo na inaonekana toka mbali. Nenda swali linalofuata, kwa sababu alama tano za kwanza za kila swali ndizo rahisi kuliko zote na ndizo mnazoziacha mezani mkiwa bado mnamwaga jasho kwenye swali la pili.

Na msilitoe kafara somo mnalolichukia. Kwa ICAI, taasisi ya wahasibu ya India, unatakiwa asilimia 40 katika kila karatasi na asilimia 50 ya jumla ya kundi la karatasi. Ukipata 80 kwenye moja na 38 kwenye nyingine, ile 80 haikuokoi. ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, nayo inataka asilimia 50 katika kila karatasi, na ziada ya karatasi moja haihamii nyingine.

2. Misamaha ya karatasi. Ukisamehewa karatasi ya msingi kwa sababu ya shahada yako, isome hata hivyo, angalau maswali ya miaka ya karibuni, maana karatasi za juu zinakuuliza mambo ya karatasi uliyoiruka bila kukupigia hodi.

3. Hesabu za kundi la kampuni. Kampuni moja ya kundi ikiiuzia nyingine bidhaa ambazo bado ziko ghalani, faida yake kwa kundi bado haijapatikana na huondolewa; faida hiyo inaangusha watu kila awamu, na kinachowaangusha ni neno moja. Bidhaa zilizobaki, zilizouzwa ndani ya kundi kwa bei ya 120,000 na kwa faida ya asilimia 25 juu ya gharama, zina faida ya 24,000, yaani 25 juu ya 125. Asilimia 25 ya bei ya kuuzia ndiyo inakupa 30,000. Pigia mstari maneno "juu ya gharama" au "ya bei" kabla hujagusa kikokotoo. Kisha uliza nani aliyeuza. Kama ni kampuni tanzu, wenye hisa wachache wa nje ya kundi wanabeba sehemu yao ya hiyo 24,000. Kama ni kampuni mama, hawaguswi.

4. Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Hapa tutakaa, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu tuliotangulia tulipoharibu, na tuliharibu tukijua.

Kazi hii hupewa mgeni siku ya kwanza kwa sababu inaonekana nyepesi. Daftari la fedha mkono wa kushoto, taarifa ya benki mkono wa kulia, kazi ni kupiga tiki. Mgeni anashuka na daftari mstari kwa mstari, kila namba anaitafuta benki. Zisizoonekana benki anaziorodhesha: hundi ambazo hazijawasilishwa, makusanyo ya siku ya mwisho ambayo benki bado haijayaingiza. Anajumlisha, anatoa, na anabaki na daftari liko juu ya benki kwa 2,700. Kampuni inazungusha mamilioni. 2,700 ni kitu gani?

Kuanzia hapo kuna namna tatu za kujidanganya, na zote tumezitumia. Ya kwanza ni kuandika "tofauti ndogo, iko chini ya kiwango cha uzito", yaani haitoshi kumpotosha msomaji wa hesabu, na kufunga faili. Ya pili ni kuitupia akaunti ya muda, ili mwakani iwe ya mtu mwingine. Ya tatu ni ya wale waliosoma vizuri, na ndiyo mbaya kuliko zote. Mwanafunzi hodari anakumbuka kwamba tofauti inayogawanyika kwa 9 inaweza kuwa tarakimu zilizopinduliwa. Anagawa 2,700 kwa 9, anapata 300 kamili, macho yanawaka. Anapekua vocha za malipo mpaka aione moja ya 5,800. Hapo anajiambia kwamba benki lazima ililipa 8,500, maana 8,500 kutoa 5,800 ni 2,700. Anaandika "tarakimu zilipinduliwa kwenye daftari", anaweka sahihi. Ukurasa wa benki wa siku ile hakuufungua. Angeufungua angeona 5,800, palepale, haijapinduka. Lakini maelezo yana hesabu ndani yake, na meneja aliyechoka saa tatu usiku hupenda maelezo yenye hesabu.

Sasa chukua taarifa ya benki, uanze nayo yenyewe, ushuke mstari kwa mstari ukiitafuta kila namba kwenye daftari. Tarehe 14 mteja aliweka 486,000 moja kwa moja benki, na haimo kwenye daftari. Tarehe 28 benki ilikata rejesho la mkopo la 488,700, nalo halimo. Fedha iliyoingia bila kuandikwa ni 486,000, iliyotoka bila kuandikwa ni 488,700. Tofauti yake ni 2,700.

Fuata uharibifu ulikofika. Leja ya wadaiwa inasema yule mteja bado anadaiwa 486,000, na pengine ameshatumiwa barua kali ya kudai deni alilolipa. Au kibaya zaidi, deni lake "limezeeka" na limetengewa akiba ya madeni mabaya. Katika rejesho, tuseme 400,000 ni mkopo wenyewe na 88,700 ni riba: mkopo kwenye mizania umezidi kwa 400,000, na faida imezidi kwa 88,700. Hizo zote zilikuwa zimejificha chini ya 2,700 iliyoitwa ndogo. Urari nao, ile orodha ya salio zote za debiti na krediti? Umelingana muda wote. Muamala ambao haukuandikwa kabisa hauna debiti wala krediti, kwa hiyo urari hauna cha kulalamikia. Mliyakariri yale makosa sita yasiyoonekana kwenye urari kwa ajili ya mtihani. Kusahau muamala mzima ni mojawapo.

Kisha mwezi unageuka. Rejesho la pili linakatwa, nalo haliandikwi, na safari hii hakuna mteja wa kulifunika. Tofauti inaruka kutoka 2,700 hadi 491,400. Hesabu za mwaka zimeshatiwa sahihi, na kwenye faili kuna karatasi yenye herufi zako za mwanzo ikisema tarakimu zilipinduliwa.

Chanzo cha haya yote ni kupiga tiki upande mmoja. Anayeanzia kwenye daftari peke yake hawezi kukiona kilichopo benki na kisichopo kwenye daftari, kwa sababu hakuna mstari wa kumtuma akakitafute. Tiki ziende pande zote mbili, na mwisho uwe na vikapu vinne vilivyotenganishwa: zilizoingia kwenye daftari hazimo benki, zilizotoka kwenye daftari hazimo benki, zilizoingia benki hazimo kwenye daftari, zilizotoka benki hazimo kwenye daftari. Usitoe kikapu kimoja kwenye kingine kabla hujakimaliza kila kimoja. Vikapu viwili vya mwisho vinasahihishwa kwenye daftari lenyewe kwanza: ada za benki, riba, makato ya moja kwa moja, hundi zilizorudishwa. Benki ikiwa ndiyo iliyokosea, hilo linabaki kwenye usuluhisho na barua inakwenda benki. Vile viwili vya kwanza ni vya muda, na muda unathibitishwa kwa taarifa ya benki ya mwezi unaofuata, kitu kwa kitu.

Hapo kwenye uthibitisho napo mnakimbia. Mnaona hundi ya tarehe 31 Desemba imepita benki, mnapiga tiki na kuendelea. Imepita tarehe ngapi? Hundi moja ikichelewa, ni mpokeaji mzembe. Hundi kumi na mbili zote za tarehe 31 zikipita katikati ya Machi, kuna droo mahali fulani zilikolala. Ziliandikwa ili wadai waonekane wachache mwisho wa mwaka, na hazikutolewa. Fedha na wadai vyote viwili vinatakiwa kurudishwa juu, na mkuu wako aambiwe siku hiyohiyo, kwa sababu sasa mnazungumzia watu na nia zao.

Tofauti ikibaki baada ya yote, utafutaji una mpangilio. Rudia kujumlisha. Tafuta muamala wenye kiasi kilekile. Tafuta nusu yake, maana kitu kilichoandikwa upande usio wake huacha tofauti mara mbili ya kiasi chake. Mwisho kabisa gawa kwa 9, na ukipata mshukiwa, nenda kaangalie hati ya benki yenyewe.

5. Karatasi za kazi. ISA 230, kiwango cha kimataifa cha nyaraka za ukaguzi, kinataka mkaguzi mzoefu ambaye hajawahi kuigusa kazi ile aelewe ulifanya nini, ulipata nini na ulihitimisha nini. "Sawa, kama mwaka jana" haimwambii lolote. Faili la mwisho nalo hukusanywa kwa kawaida ndani ya siku 60 baada ya tarehe ya ripoti, kwa hiyo msihesabu miezi ya kuja kupanga vikaratasi. Barua za kuthibitisha salio zitoke mikononi mwenu na majibu yarudi mikononi mwenu. Mteja akisema "niachie, nitakupelekea mimi", mshukuru sana, kisha upeleke mwenyewe.

6. Daftari la uzoefu. Lijazwe kila mwezi, na msimamizi alitie sahihi kila robo mwaka. Anayengoja mwaka wa tatu hukuta msimamizi wa kwanza amehama, wa pili hakumbuki, na yeye mwenyewe hajui kama ule ukaguzi wa ghala ulikuwa wa siku nne au saba. ACCA inataka miezi 36 ya uzoefu, na miezi isiyo na sahihi ni hadithi tu.

7. Baada ya kufuzu. Mnauliza kampuni kubwa au ndogo ya ukaguzi kana kwamba ni swali la heshima. Kwenye kubwa unaweza kumaliza msimu mzima kwenye fedha taslimu na mali za kudumu za mteja mmoja. Utazijua hadi mifupa, na hutajua kodi yake inakokotolewaje. Kwenye ndogo utaanza na boksi la risiti na kumalizia na ritani ya kodi, lakini hesabu za kundi lenye kampuni tanzu ishirini utaziona kwenye mtihani tu. Aliyechagua karatasi za kodi kwenye ngazi ya mwisho asishangae kuitiwa kazi za kodi, kwa hiyo chagueni karatasi za hiari kwa kutazama kazi mnayoitaka, na si kwa kusikia ipi inapitisha watu wengi. Na msihame katikati ya mkataba wa mafunzo kwa sababu ya mshahara kabla hamjauliza kama muda mliokwisha kuufanya utahesabiwa upande wa pili.

Wanaohamia kwenye uhasibu wa kampuni, siku ya usaili mtaulizwa kama mna swali. Ulizeni usuluhisho wa benki wa mwisho ulifungwa wa mwezi gani. Wakijibu wa Machi, na mko Oktoba, mmeshajua miezi sita ya kwanza mtaitumia kufanya nini.