Fulu wangu amevimba kidevu

Swali: Shikamoo mzee. Fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, niliowatoa kwa wavuvi wa Dunga, Kisumu, nimewaweka kwenye tangi la kioo. Jike mmoja hali siku ya 5 sasa, kidevu kimevimba. Nimpe dawa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Dawa weka kando kabisa! Huyo kabeba mayai mdomoni. Mtazame kwa karibu: anatafunatafuna bila chakula, anayageuza mayai yapate hewa. Atafunga hivyo kama wiki 3. Usimhamishe, akishtuka huyameza au kuyatema. Mpangie mawe ajifiche, dume asimsumbue. Nakuomba umtunze sana, maana tangu mbuta (sangara), samaki mkubwa anayekula wenzake, aletwe ziwani miaka ya 1950, fulu wa aina nyingi wametoweka. Akishatema vitoto, endelea kutazama: vikiogopa, hurudi mbio mdomoni mwake.