Fundi wa Joto Anajibu: Rejeta imepoa, watoto wanalala na masweta

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi Hamburg, nyumba ya kupanga. Mwezi uliopita mume wangu alifunga vile vichwa visivyotumia waya kwenye rejeta za kupashia nyumba joto, vile vinavyofungua na kufunga maji ya moto. Sebuleni hatuna shida, ila chumbani kwa watoto rejeta inapoa mapema na chumba bado baridi. Nimepandisha hadi nyuzi 28, wapi! Nilipanga pia joto lianze saa 12 asubuhi, lakini tunaamka tunatetemeka. Je, ni kibovu?
– Mama Pacha

JIBU: Marahaba Mama Pacha, na poleni sana. Kabla hujakirudisha dukani, hebu angalia: pazia la chumba cha watoto linaishia wapi?

Kichwa kile kina kipimajoto ndani yake, nacho kinapima hewa inayokizunguka tu. Pazia zito likikifunika, joto la rejeta linanaswa nyuma yake. Kichwa kinasoma 28 huku kitandani ni 17, kinaona kazi imekwisha, kinafunga maji. Kwenye nyumba ninazoitwa, hilo ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko ubovu wowote. Usiku wa leo likunje pazia na ulifungie juu ya rejeta, lisikifunike kichwa. Kama kitanda ndicho kinachoziba na hakuna pa kukisogeza, nunua kihisi cha ukutani cha kampuni ileile. Kitapima joto upande wa watoto na kukitumia kichwa taarifa kwa mawimbi ya redio.

Pazia likiwa halina kosa, fungua kichwa kwa mkono na ukitoe. Utaona pini ya chuma, nyembamba kama ncha ya kalamu. Kazi yote iko hapo: mota ndogo inayoendeshwa na betri inaisukuma pini ndani, maji ya moto yanazibwa; mota ikirudi nyuma, springi inaiinua pini na maji yanapita. Ibonyeze kwa kitu bapa. Inatakiwa iingie kidogo na irudi yenyewe. Ikibaki ndani, imeganda, jambo la kawaida baada ya kiangazi kizima bila kutumika. Igongegonge taratibu pembeni, uibonyeze tena na tena. Usiivute kwa koleo, tafadhali! Mwaka wangu wa kwanza kazini niliivuta, maji meusi ya moto yakaruka hadi ukutani kwa watu.

Hiyo 28 haiharakishi kitu. Vali, yaani mlango wa maji unaoendeshwa na ile pini, ikishafunguka yote, imefunguka. Rudisha 20 au 21.

Na saa 12 yako ya asubuhi: kwenye skrini inasomeka 06:00 au 12:00? Kama ni 12:00, umewasha joto la adhuhuri, wakati watoto wako shule.

Vile vichwa vya zamani vyenye namba 1 hadi 5 vihifadhi kwenye boksi. Ni vya mwenye nyumba, na siku mnahama atavitaka.