Amsterdam–Copenhagen: ninunue kando, nitumie maili, au niiunge na tiketi ya Dar?

Swali: Naishi Dar es Salaam. Kazi yangu ya ununuzi wa vifaa vya hospitali hunipeleka Amsterdam mara tatu au nne kwa mwaka, kwa KLM. Nikishamaliza pale huwa nahitaji kwenda Copenhagen siku mbili tatu, na mara mojamoja London. Hizo ndege fupi nazinunua kando, popote ninapoona bei ya chini. Ni mwanachama wa Flying Blue, mpango wa Air France na KLM wa kuwazawadia wasafiri wao, daraja la kuanzia la Explorer, na nina maili (pointi za mpango huo) kama 38,000 ambazo sijawahi kuzigusa. Nizitumie kwenye ndege hizi fupi? Na mbona safari nyingine nikiruka sioni kitu kwenye akaunti?

Jibu: Maili tuziweke pembeni kwanza, tuanze na namna unavyozikata tiketi zenyewe, kwa sababu hapo ndipo fedha yako inapovuja.

Tiketi ya Dar–Amsterdam–Dar na nyingine ya Amsterdam–Copenhagen–Amsterdam ni mikataba miwili isiyojuana. Ukirudi kutoka Copenhagen ndege ikachelewa na ile ya Dar ikaondoka bila wewe, shirika la ndege fupi limekufikisha Amsterdam, kazi yake imekwisha. Tiketi ya Dar inahesabika kuwa abiria hakutokea, na utanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo. Hata tiketi zote mbili zikiwa za KLM, usitegemee huruma: mhudumu wa kaunta anaweza kukusaidia, lakini halazimiki.

Linganisha na tiketi moja ya Copenhagen–Amsterdam–Dar. Ndege fupi ikichelewa, ni wajibu wao kukuweka kwenye ndege inayofuata, na begi linapokelewa Copenhagen likatoka Dar. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 nayo inapima safari nzima. Ukifika Dar umechelewa zaidi ya saa 4 kwa kosa la shirika, fidia ni euro 600, kwa kuwa umbali unazidi kilomita 3,500. Kati ya saa 3 na 4 wanaruhusiwa kuipunguza kwa nusu. Kwa tiketi ya kando inapimwa ile ndege fupi tu, kama kilomita 630, na fidia yake ni euro 250. Hizo hazinunui tiketi mpya ya Dar.

Kuna na kodi. Uholanzi hutoza kodi ya usafiri wa anga kwa kila abiria anayeanzia safari katika viwanja vyake. Mwaka 2025 ilikuwa euro 29.40. Anayebadilisha ndege tu kwa tiketi moja haimhusu. Kwa mpango wako wa sasa unailipa mara mbili kila safari: unapoondoka Amsterdam kwenda Copenhagen, na tena unapoondoka Amsterdam kurudi nyumbani.

Utasema: lakini Amsterdam nina kazi, sipiti tu. Ni kweli, na kwa mtu kama wewe tiketi inayofaa ni ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Kwenye tovuti ya KLM usichague safari ya kwenda na kurudi. Chagua miji mingi. Mstari wa kwanza andika Dar–Amsterdam, wa pili Copenhagen–Dar kwa tarehe unayoondoka, na mfumo wenyewe utaipitisha Amsterdam. Mara nyingi nauli haitofautiani sana na ile ya Amsterdam peke yake, kwa sababu Copenhagen ni soko lenye ushindani, ila pima zote mbili kabla ya kulipa. Kilichobaki ni kipande kimoja tu, Amsterdam kwenda Copenhagen, na kipande hicho kikivurugika hakikupotezei chochote kikubwa. Ukikosa ndege ya asubuhi unachukua ya mchana.

Tahadhari moja hapa, kwa kuwa watu wengi huumia nayo: vipande vya tiketi hutumika kwa mpangilio ulioandikwa. Ukinunua Amsterdam–Copenhagen–Amsterdam kisha mwenyeji akakupa lifti ya gari kwenda, usidhani kipande cha kurudi kinakusubiri. Ukikosa cha kwanza bila kuwaarifu, vilivyobaki vinafutwa.

Sasa maili.

Flying Blue haina jedwali la bei lisilobadilika kwa ndege za Air France na KLM. Waliachana nalo mwaka 2018. Idadi ya maili inapanda na kushuka kama nauli. Kwa hiyo swali la kama ndege fupi inafaa kulipiwa kwa maili halina jibu la mara moja kwa daima. Linajibiwa kwa hesabu ya dakika moja, kila unapokata tiketi: chukua nauli ya fedha, toa kodi na ada ambazo ungelipa hata kwa tiketi ya maili, gawanya kwa idadi ya maili.

Tuseme nauli ni euro 110, na tiketi ya maili ni maili 7,000 pamoja na euro 48 za kodi na ada. Unaokoa euro 62. Ukigawa kwa 7,000, kila maili imekupa kama senti 0.9 ya euro. Kwangu hiyo ni chini. Lakini tuseme umeitwa kikao cha ghafla, nauli ya keshokutwa ni euro 210 na maili zimepanda hadi 10,000 na euro 48 zilezile: kila maili sasa ina thamani ya senti 1.6. Hapo lipa kwa maili bila kusita. Mstari wangu uko hivi: chini ya senti 1 lipa fedha, juu ya senti 1.3 toa maili, katikati angalia mizigo na uwezekano wa kubadilisha tarehe.

Mizigo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Nauli ya KLM iitwayo Light ndani ya Ulaya haina begi la kupakia. Una begi la mkononi lisilozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 25 na kimkoba kidogo, vyote pamoja kilo 12. Wewe umetoka Dar na begi la kilo 23, na sampuli juu yake. Linganisha tiketi ya maili na nauli ya fedha yenye begi ndani, siyo na ile ya chini kabisa iliyokuvutia kwenye tangazo. Light pia hairudishwi fedha ukighairi, wakati tiketi ya maili kwa kawaida hufutwa kwa ada na maili zikarudi, mradi umefuta kabla ndege haijaondoka.

Hesabu ya pili watu huisahau kabisa. Ndege iliyolipiwa kwa maili haikuingizii maili wala XP, zile pointi zinazopandisha daraja. Dar–Amsterdam kwa daraja la kawaida ni XP 10. Amsterdam–Copenhagen, safari ya saa moja na nusu hivi, ni XP 5, nusu ya ile iliyokukesheza usiku kucha. Silver, daraja linalofuata baada ya Explorer, inahitaji XP 100 ndani ya miezi 12. Kwa mpango niliokueleza, safari nzima ikilipwa kwa fedha ni XP 30: kumi za kwenda, tano, tano, kumi za kurudi. Kipande cha Copenhagen ukikilipia kwa maili zinabaki 25. Safari nne kwa mwaka zinakupa 120 au 100 kamili, kwa hiyo hata kwa maili unaingia Silver, lakini bila akiba: ndege moja isipoandikwa umebaki nje. Safari tatu ni 90 au 75. Ukiwa na 90, kwenda na kurudi kumoja kwa ndege fupi kunatosha kukusukuma. Ukiwa na 75 unahitaji safari nyingine nzima.

Silver si cheo cha kujivunia tu. Explorer hupata maili 4 kwa kila euro ya nauli, Silver 6, Gold 7, Platinum 8, na Silver anapata begi la ziada kwenye nauli nyingi za KLM na Air France. Kwa anayebeba sampuli, begi hilo linalipa lenyewe. Kwa hiyo mpaka ufike Silver, ushauri wangu ni kulipa ndege fupi kwa fedha isipokuwa bei ikiruka. Daraja la biashara ndani ya Ulaya siishauri: kiti ni kilekile cha kawaida, cha katikati kimeachwa wazi tu. Labda mwisho wa mwaka wako wa kuhesabiwa, ukikosa pointi chache na tofauti ya bei ikiwa ndogo, kwa sababu kipande kama hiki kinatoa XP 15.

Na zile 38,000 zilizopo? Mahali pake pazuri ni safari ndefu. Tiketi ya maili inaruhusu kusimama mji mmoja njiani bila kuongeza maili, hata kwa miezi. Ukiikata Dar–Copenhagen kwa maili na kusimama Amsterdam siku nne, kipande kifupi kimekuja ndani ya bei. Angalia pia Promo Rewards, punguzo linalobadilika kila mwezi kwa njia fulanifulani. Zikitajwa za Afrika Mashariki, pima siku hiyohiyo. Usizilimbikize ukidhani zinakaa milele: ukiwa Explorer zinaisha ukipitisha miezi 24 bila safari inayostahili kuhesabiwa, na ya maili si mojawapo.

London ina mambo yake. Uingereza haimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo unahitaji viza yake, na viza yako ya Schengen lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo ukishatoka Amsterdam kwenda London hurudi kupitia Amsterdam ukaingia mjini. Katika ndege fupi, hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote, na halirekebishiki kaunta. Dar–Amsterdam–Copenhagen ni tofauti: unagongewa muhuri, au siku hizi unasajiliwa kwenye mfumo mpya wa kuingia na kutoka ulioanza Oktoba 2025, pale Amsterdam, na kutoka hapo unasafiri kama wa ndani. Foleni hiyo ihesabu. Ukitoka ndege ya usiku ya Dar kuelekea ndege nyingine kwa tiketi ya kando, chini ya saa 4 ni bahati nasibu, kwa kuwa lazima pia uchukue begi na kulipeleka upya.

Swali lako la mwisho, la maili zisizoonekana, lina sababu chache na zinajirudia. Ya kwanza ni namba ya uanachama kutoingizwa, hasa tiketi ikinunuliwa kupitia tovuti za kulinganisha bei. Ya pili ni jina: pasipoti ina majina matatu, akaunti ina mawili, mfumo unakataa kuoanisha. Irekebishe akaunti ifanane na pasipoti. Ya tatu ni shirika lenyewe kutokuwa mshirika. Amsterdam–Copenhagen ina mashirika ya bei nafuu yasiyohusiana na Flying Blue hata kidogo, huko hakuna cha kudai. SAS, shirika la Skandinavia, kwa upande wake ilikuwa kwenye muungano wa mashirika wa Star Alliance hadi mwisho wa Agosti 2024 na iliingia SkyTeam, muungano wa KLM na Air France, tarehe 1 Septemba mwaka huo. Ukipanda SAS sasa, andika namba ya Flying Blue.

Ya nne ni mtoaji wa tiketi. Tazama tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi yenye tarakimu 13: 074 ni KLM, 057 Air France, 117 SAS, 706 Kenya Airways. Tiketi za 074 na 057 huhesabiwa kwa euro ulizolipa, bila kodi za serikali. Zikitolewa na mshirika mwingine, kinachotazamwa ni umbali na herufi ya nauli, na nauli za chini sana huambulia kidogo au sifuri. Herufi hiyo imeandikwa kwenye tiketi yako. Itafute kwenye ukurasa wa shirika hilo ndani ya Flying Blue kabla ya kulipa.

Safari iliyopotea unaidai mtandaoni ndani ya miezi 6. Ingia kwenye akaunti, chagua kudai maili, weka namba ya tiketi na tarehe, na uwe na picha ya pasi ya kupandia ndege, kwani wanaweza kuiomba. Pasi ya kwenye simu hupotea ukiisafisha programu, hivyo ipige picha siku hiyohiyo. Dai lililokataliwa kwa sababu ya jina au namba litume tena na pasi hiyo, kwa kawaida hupita. Lililokataliwa kwa sababu ya herufi ya nauli usilipotezee muda.