Haki ya Kitoweo Alaska: Jibu kwa Mjomba na Wazee Wenzake

Mjomba, shikamoo. Katika ujumbe wako wa sauti umeniuliza, kwa niaba yako na ya wazee wenzako pale kijijini, kama ni kweli kwamba huku Alaska mtu wa kijijini ana haki ya kisheria ya kuwinda na kuvua kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani, ilhali kwetu wilayani Serengeti kijana akikutwa na paja la nyumbu anashtakiwa kwa kupatikana na nyara za serikali na anaweza kuhukumiwa miaka 20 jela. Umesema pia kwamba mnakusudia kuitaja Alaska kama mfano mtakapokutana na viongozi wa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, na ukanitaka nisiipambe Marekani. Nimeona nijibu kwa maandishi, kwa sababu jambo lenyewe ni refu na najua utapenda lisomwe mbele ya watu.

Haki hiyo ipo, mjomba, lakini inasimama kwa mguu mmoja. Inalindwa na sheria ya serikali kuu ya Washington, na inalindwa katika ardhi na maji yaliyo chini ya serikali hiyo tu. Jimbo la Alaska lenyewe limeshindwa kuiingiza katika katiba yake, ingawa magavana wake waliwaita wabunge katika mikutano maalumu juu ya jambo hilo mwaka 1990, mwaka 1992, mara mbili mwaka 1998, mwaka 1999 na tena mwaka 2002. Atakayewaambia viongozi wenu kwamba Alaska imelimaliza suala hili atakuwa amewadanganya, na wao wakifuatilia watamuumbua.

Chanzo cha mvutano ni hiki. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska, yaani Wainupiat, Wayupik, Waathabaska, Watlingit na wengineo. Walipewa ekari zipatazo milioni 44 na fedha karibu dola bilioni moja, lakini ndani ya sheria hiyo hiyo haki zao za asili za kuwinda na kuvua zilifutwa, kwa matarajio kwamba jimbo na serikali kuu wangewatazama kwa jicho la huruma. Jicho la huruma halikutosha. Ndipo mwaka 1980 ikatungwa sheria nyingine kubwa ya ardhi za Alaska, ambayo Sura yake ya Nane inasema kwamba katika ardhi za serikali kuu mkazi wa kijijini anayewinda au kuvua kwa ajili ya kujikimu atatangulizwa mbele ya mwindaji wa starehe na mvuvi wa biashara. Angalia, mjomba, kwamba sheria haikusema mwenyeji. Ilisema mkazi wa kijijini, awe wa ukoo wowote, kwa kuwa viongozi wa jimbo hawakutaka haki inayofuata damu. Jimbo liliahidiwa kwamba likiweka sheria inayofanana na hiyo litaachiwa kusimamia wanyama na samaki katika ardhi zote, za kwake na za Washington.

Ahadi hiyo ikagongana na katiba ya jimbo. Alaska ilipokuwa jimbo kamili mwaka 1959, katiba yake ilitamka kwamba samaki, wanyamapori na maji katika hali yao ya asili ni kwa matumizi ya watu wote. Waandishi wake walikuwa na sababu nzuri, maana kabla ya hapo makampuni ya kusindika samaki yenye makao yake nje ya Alaska yalikuwa yakiziba midomo ya mito kwa mitego mikubwa na kukomba samoni, huku wakazi wakitazama. Lakini maneno yale yale yaliyotungwa kumzuia tajiri yakaja kutumika dhidi ya mtu wa kijijini: mwezi Desemba 1989, katika kesi ya McDowell, Mahakama ya Juu ya Alaska iliamua kwamba kumtanguliza mtu kwa sababu tu anaishi kijijini ni kuwabagua wengine na ni kinyume cha katiba. Jimbo likawa haliwezi tena kutimiza masharti ya Washington, na tarehe 1 Julai 1990 serikali kuu ikachukua usimamizi wa uwindaji wa kitoweo katika ardhi zake, ambazo ni kama asilimia 60 ya Alaska nzima.

Hapo ndipo ilipoanza mikutano maalumu. Mji mkuu, Juneau, haufikiki kwa barabara. Mbunge na mlalamikaji wote hufika kwa ndege au kwa meli. Bunge lenyewe ni dogo, wajumbe 40 katika Baraza la Wawakilishi na 20 katika Seneti, na mkutano maalumu unaruhusiwa kuchukua siku zisizozidi 30. Ili marekebisho ya katiba yapelekwe kwa wananchi wayapigie kura, ni lazima theluthi mbili ya kila baraza ikubali, yaani 27 katika Baraza la Wawakilishi na 14 katika Seneti. Wabunge wengi wanatoka Anchorage na maeneo ya karibu, ambako wapiga kura wao ni wawindaji wa mwisho wa juma wenye magari makubwa na boti, na ambao kauli yao haijabadilika tangu wakati huo: haki isiyo ya wote ni upendeleo. Huwezi kuwaita watu hao waongo. Ni kauli yenye mantiki, na mtu anayeishi mjini kwa kibarua na mwenye familia ya kulisha anaweza kuisema kwa dhati. Upande wa pili, wapo wenyeji ambao nao hawakuridhika na neno kijijini, kwa sababu walitaka haki ya kabila izingatiwe.

Mkutano maalumu wa 1992 ulitoa sheria ya jimbo iliyoziagiza bodi za jimbo za uvuvi na uwindaji zichore maeneo ambayo kwayo uvuvi na uwindaji wa kujikimu haukubaliki kabisa, yakiwemo maeneo yanayoizunguka miji ya Anchorage, Fairbanks na Juneau, lakini haukuigusa katiba. Mkutano uliokaribia zaidi kufanikiwa ni ule wa Septemba 1999. Washington ilikuwa imeahirisha mara kadhaa kuchukua usimamizi wa uvuvi, kwa juhudi za seneta wa Alaska, Ted Stevens, na sasa ilikuwa imetaja siku ya mwisho kuwa 1 Oktoba. Gavana Tony Knowles akawaita wabunge. Baraza la Wawakilishi likapitisha. Seneti ikapungukiwa kura 2. Kura mbili, mjomba, katika chumba cha watu 20! Siku ya mwisho ikafika na serikali kuu ikaingia mitoni. Knowles alijaribu tena mwaka 2002, akaambulia patupu. Wananchi hawajawahi kupewa nafasi ya kuamua juu ya marekebisho hayo, ingawa mwaka 1982 walipoulizwa kama sheria ya kuutanguliza uvuvi na uwindaji wa kujikimu ifutwe, wengi walikataa.

Matokeo yake ni kwamba leo kuna mabwana wawili juu ya mnyama mmoja. Mtu anayefuata kulungu mkubwa wa kaskazini lazima ajue amesimama kwenye ardhi ya nani, kwa sababu hatua chache mbele kanuni, tarehe na kibali vinaweza kuwa vingine. Mitoni ni vigumu zaidi. Mama mmoja wa Kiathabaska, Katie John, alikatazwa pamoja na wenzake kuvua kwenye kambi ya wazee wao, mahali panapoitwa Batzulnetas katika bonde la mto Copper, ambapo jimbo lilipafunga mwaka 1964. Mwaka 1985 alikwenda mahakamani. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ikaamua kwamba haki ya kitoweo inafika hata katika mito ambayo serikali hiyo ina haki ya maji yake. Mwaka 2001 Gavana Knowles alimfuata kambini kwake kumsikiliza, na baada ya hapo akaamua jimbo lisikate rufaa zaidi. Katie John alifariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 97, na mabishano hayakuishia hapo: jimbo na serikali kuu walifikishana tena mahakamani juu ya mto Kuskokwim, na mwezi Agosti 2025 mahakama ile ile ya rufaa ilisimama upande wa serikali kuu.

Sasa nikueleze nafasi yangu mimi, kwa kuwa uliuliza kama nami nawinda. Naishi Anchorage, kwa hiyo si mkazi wa kijijini, na haki ya kitoweo ya serikali kuu hainihusu. Ninachotumia, kwa kuwa nimeshapita miezi 12 ya ukaazi, ni kibali cha jimbo cha kuvua kwa matumizi ya nyumbani, ambacho mgeni kutoka jimbo jingine hapewi hata akiwa raia wa Marekani. Kila Julai tunaendesha kilomita 250 hivi hadi mdomo wa mto Kenai. Tunavaa suruali za mpira zinazofika kifuani, tunaingia kwenye maji ya baridi kali, tukiwa tumeshika kitanzi kipana cha alumini chenye wavu na mpini mrefu, na tunasimama bega kwa bega na mamia ya watu tukisubiri samoni ajigonge mwenyewe. Mkuu wa familia anaruhusiwa samaki 25 kwa mwaka na kila mtu mwingine nyumbani 10. Kila unayemvua unamkata ncha mbili za mkia papo hapo, ili asije akauzwa kama samaki wa biashara, na unamwandika kwenye kibali kwa kalamu ya wino. Askari wa wanyamapori hupita wakifungua majokofu ya watu na kuhesabu mikia. Ukijumlisha petroli, malazi na friji ya kuhifadhia, samaki huyo si wa bure hata kidogo, lakini ni mtamu na ni halali, nami sina manung'uniko.

Jambo linalonikera ni lingine. Nafanya kazi ya kuwahudumia wazee, na miongoni mwa ninaowahudumia yumo bibi wa Kiyupik aliyehamia mjini kwa sababu huko kwao hakuna mashine ya kusafisha damu. Amekulia kwenye kambi za uvuvi na anajua kupasua samoni kwa kisu cha nusu duara bila kutazama mkono. Kisheria, tangu alipohamia mjini, yeye na mimi niliyetoka Mara tuko sawa mbele ya mto. Mwalimu aliyetoka Texas akahamia kijijini kwa bibi huyo na kuweka makazi yake kule anatangulizwa, bibi hatangulizwi. Anakula samaki mkavu kwa sababu wapwa zake wanamtumia kwa ndege ndogo. Hivyo ndivyo inavyokuwa haki ikifungwa kwenye anwani. Tena anwani yenyewe huweza kubadilishwa na watu walio ofisini: Saxman, kijiji cha Watlingit kilicho jirani na mji wa Ketchikan, kiliondolewa kwenye orodha ya vijiji mwaka 2007 kwa kuwa kimekaribiana na mji, kikarudishwa mwaka 2015 baada ya kupigania.

Wala usidhani kwamba haki hiyo inamshibisha mtu pale samaki wanapokosekana. Katika mto Yukon samoni wamepungua kiasi kwamba mwaka 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa samoni wakubwa kwa miaka 7, wa kitoweo ukiwemo. Watu wa mto huo wanalalamika kwamba wao wamefungiwa nyavu ilhali meli za kuvua samaki wengine baharini zinaendelea kuwanasa samoni kwa bahati mbaya. Samaki na wanyama wote wanaochukuliwa na watu wa kitoweo Alaska ni kama asilimia moja tu ya mavuno yote. Sehemu kubwa kabisa ni ya biashara. Nakuomba usiisahau hesabu hiyo, kwa sababu hata kwetu anayeelekezewa kidole kwanza ni yule mwenye upinde.

Kuhusu mkutano wenu, ushauri wangu ni kwamba msiombe ruhusa ya jumla ya kuwinda, kwa sababu mtajibiwa kwa idadi ya watu na idadi ya nyumbu, na hapo mtashindwa. Ombeni utaratibu wa wakati wa uhaba. Sheria ya 1980 inaeleza kwamba wanyama wakipungua, wanaoanza kuzuiwa ni wawindaji wa starehe na wa biashara. Wakizidi kupungua, ndipo wakazi wa kijijini nao wapimwe kati yao kwa mambo matatu: nani amemtegemea mnyama huyo kwa desturi na moja kwa moja kwa riziki yake, nani anaishi karibu naye, na nani hana chakula kingine mbadala. Waulizeni viongozi wa jumuiya, kwa heshima, mgawo wa kampuni za uwindaji wa kitalii hupunguzwa lini ikilinganishwa na kile kijiji kinachokipata, na uamuzi huo uko katika kanuni ipi. Na katika maombi yenu msiandike wakazi wa vijiji vilivyotajwa, kwa sababu binti aliyeolewa Musoma na kijana aliyekwenda Mwanza kutafuta kazi watakuja kuambiwa kwamba wamejitoa wenyewe. Nimeanza kuvitafsiri vifungu vya Sura ya Nane vinavyohusu uhaba. Nikimaliza nitamtumia binamu, avichapishe pale kwenye duka la steshenari na kukuletea kabla hamjakutana.