Ushuru asilimia 0, mbona jirani alilipa mamilioni?

SWALI: Shikamoo mama. Nakamua alizeti hapa Singida kwa mashine iliyochakaa, sasa nataka kuagiza mpya kutoka China pamoja na mtambo wa kuchujia mafuta. Naambiwa mashine za viwandani hazitozwi ushuru, lakini jirani yangu alipoleta yake alilipa mamilioni bandarini Dar. Muuzaji naye ameniahidi ankara inayoonyesha nusu tu ya bei halisi ili nipate nafuu. Nifanyeje?
Msomaji, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hiyo ankara, maana ndiyo iliyonitia hofu. Ikatae leo hii. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, hilo ni tamko la uongo: ukitiwa hatiani ni faini hadi dola 10,000 au kifungo kisichozidi miaka 3. Wala usidhani mzigo ukishatoka bandarini yamekwisha. Maofisa wanaweza kuja kukagua vitabu vyako ndani ya miaka 5. Katika kazi yangu ya uwakala wa forodha nimeona wakamuaji hodari wakifunga milango kwa karatasi ya namna hiyo. Muuzaji yuko kwao China, hakuna atakayemwita. Jina lililo kwenye tamko ni lako.

Aliyekuambia habari ya ushuru hakukosea. Jedwali la pamoja la ushuru la Afrika Mashariki lina viwango vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Mashine za kukamua mafuta zimo kwenye 0. Ila ushuru wa forodha ni kodi moja tu kati ya kadhaa. Kuna VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 kama mashine yako haimo kwenye orodha ya msamaha, halafu kuna tozo ya reli na ada ya forodha. Tena VAT haikokotolewi kwa bei ya kiwandani, bali kwa thamani ya mzigo pamoja na nauli ya meli na bima. Mashine ikiwa ya shilingi milioni 20, nauli na bima milioni 4, VAT ikitozwa, peke yake ni shilingi 4,320,000 kabla ya tozo hizo nyingine. Aliyesajiliwa VAT huweza kuidai kwenye ritani zake, mradi anachouza nacho kinatozwa VAT. Muulize mhasibu mapema.

Inawezekana pia kontena la jirani lilibeba mengine. Watu hujaza nafasi iliyobaki: mikanda ya akiba, beringi, madumu matupu ya plastiki. Kila kitu kina namba yake ya ushuru kwenye lile jedwali, na dumu haliwi mashine kwa kupakiwa pamoja na mashine.

Mashine yenyewe ikifunguliwa vipande ili ienee kwenye kontena, bado inahesabiwa mashine nzima, ilimradi vipande vifike pamoja. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Muuzaji anasema mota itafuata na meli ya mwezi ujao, mnunuzi anakubali, na mota inafika ikiwa mota tu, kwa namba yake na kiwango chake. Sharti lako liwe vyote safari moja, hati moja ya shehena.

Kwenye jedwali, mashine ya kukamua iko namba 8479.20, mitambo ya kuchuja kwa kawaida iko 8421. Kabla hujatuma pesa, mwombe Kamishna wa Forodha wa TRA uamuzi wa awali kwa maandishi kuhusu namba ya mzigo wako, ukiambatanisha katalogi na picha. Haki hiyo imo kwenye sheria, na inanisikitisha kuona wanaoitumia ni wachache. TBS, shirika la viwango, nao waulize kama mtambo wako unatakiwa kukaguliwa kabla ya kupakiwa.

Muuzaji akupe profoma mpya, yaani ankara ya awali, itenganishe bei ya mashine, ya mtambo wa kuchujia na ya vipuri, kila moja mstari wake. Mpe wakala mwenye leseni aipitie mzigo ukiwa bado kiwandani.